Kabla ya kununua mashine ya padi, zima Full Level

Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta mashine ya kupiga ngoma kwa vidole, hasa iliyotumika, usiridhike kwa sababu tu kila padi, yaani kibonye cha mpira unachopiga, inalia. MPC, mashine za aina hiyo za kampuni ya Akai, zina kitufe cha Full Level. Kikiwa kimewashwa, kila pigo hutoka kwa nguvu ya juu kabisa hata ukigusa tu, kwa hiyo padi iliyochoka itaonekana nzima. Kizime. Chagua sauti ya hi-hati (matoazi mawili ya seti ya ngoma), uipige taratibu kwa ncha ya kidole, ukiongeza nguvu kidogo kidogo, katikati ya padi na kwenye pembe zote nne. Sauti ipande jinsi mkono unavyopanda. Padi inayonyamaza ukiigusa polepole halafu ikaruka ghafla hadi juu, au inayolia mara mbili kwa pigo moja, iache hapo hapo dukani. Anza na safu ya chini. Wengi huweka kiki (ngoma nzito ya besi) na sneya (ngoma kali ya mlio mkavu) huko, na ndizo hupigwa zaidi.

Stima nayo: mashine kufanya kazi bila kompyuta si sawa na kufanya kazi bila soketi. MPC One haina betri. MPC Live II inayo ndani, na ina spika zake pia. SP-404MKII, mashine ya padi ya kampuni ya Roland, hutumia betri 6 za AA, zile za saa ya ukutani, na inazila vibaya, kwa hiyo nunua za kuchaji. Kama ni ya betri, mwambie muuzaji achomoe waya wa stima biti ikiendelea kucheza, uone kama betri inashika.