Mtoto Njiti Ughaibuni: Kutolewa Mashine ya Hewa Siyo Ruhusa

Ukiambiwa mtoto ametolewa mashine ya hewa, usimkatie bibi yake tiketi. Usitangaze kwenye grupu la ukoo. Nyumbani tumezoea kwamba mgonjwa akianza kupumua mwenyewe, kilichobaki ni kusubiri daktari aandike ruhusa. Kwa mtoto njiti, kazi ndefu inaanzia hapo: kujifunza kula kwa mdomo.

Ya pumzi nayapitia haraka, maana wodini watakueleza mpaka uchoke. Mapafu machanga yana upungufu wa safaktanti, ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinywee. Kwa kawaida huanza kutosha karibu na wiki ya 34 au 35 ya mimba. Kwa hiyo mtoto anaweza kuanzia kwenye mashine inayompumulia, akahamia CPAP inayosukuma hewa puani, kisha mipira midogo ya pua, kisha hewa ya kawaida. Atapewa kafeini asisahau kupumua. Ndiyo, kafeini hiyo hiyo. Mbebe kifuani ngozi kwa ngozi kila wanapokuruhusu, na mama aendelee kukamua maziwa.

Sasa mtego. Kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi huanza kwenda pamoja kati ya wiki ya 32 na 34, zikihesabiwa tangu mimba, siyo tangu azaliwe, na wengi hawaimudu vizuri mpaka ya 36 au 37, wengine baadaye zaidi. Kila anapomeza, pumzi inasimama kidogo. Mtoto ambaye mapafu yake bado yanahangaika hana akiba ya kusimamisha chochote. Ndiyo maana maziwa mengi hupita kwenye mpira wa kulishia, mwembamba, unaoingia puani au mdomoni hadi tumboni.

Kilichotuumiza sisi na njiti wetu ni chati ya kulisha. Ilikuwa na safu ya mililita, haikuwa na safu ya jinsi mtoto alivyopumua akinywa. Zamu moja ya manesi ilimsukumia chupa hadi tone la mwisho, ikaandika kwamba amemaliza. Kwamba midomo ilibadilika rangi na mashine ya kufuatilia pumzi na moyo ikalia, hakuna aliyeandika. Zamu iliyofuata ikasoma "amemaliza", ikampa vile vile. Usiku akasitisha pumzi, mapigo ya moyo yakashuka. Wodi nyingi hutaka siku kadhaa mfululizo, mara nyingi tano hadi saba, bila tukio kama hilo kabla ya kumruhusu mtoto. Likitokea moja, hesabu inaanza upya. Yetu ilianza upya, na likizo ya baba ikaishia kwenye kiti cha plastiki.

Kwa hiyo usisukume chupa, wala usikubali isukumwe. Kila zamu ikibadilika, uliza alipumuaje akinywa, uombe jibu liandikwe. Mtoto aliye tayari huamka, hugeuza kichwa kutafuta, hupeleka mkono mdomoni. Aliyechoka hutanua vidole, hukunja uso, maziwa humwagika pembeni mwa mdomo, pumzi hukimbia. Ukiona hivyo, simama. Mlaze ubavu, tumia chuchu ya chupa inayotoa polepole, mpumzishe kila baada ya mikupuo michache. Kilichobaki kipite kwenye mpira. Na usingoje kikohozi: njiti anaweza kupaliwa kimya kimya, maziwa yakaingia njia ya hewa bila kukohoa hata kidogo.

Narudia kwa ajili ya mama mkwe, ambaye alipiga simu ya video kila jioni kuuliza kwa nini mjukuu wake "ananyimwa chupa". Mama, hanyimwi. Anashiba kwa mpira. Na wewe shangazi uliyeshauri tundu la chuchu liongezwe kwa sindano, shikamoo, lakini hapana: maziwa yakija kwa kasi ndipo anapaliwa.

Watu wa huku nimewasoma hivi: ni wapole, wanasema "anaendelea vizuri" hata siku mbaya, na wanaamini karatasi kuliko macho. Ukitikisa kichwa kwa heshima, wanahesabu umeelewa na umekubali. Lakini kuuliza hakuwaudhi, na hilo nawasifu. Omba mkalimani wa hospitali, usimburute binamu. Omba pia mtaalamu wa tiba ya usemi. Mimi nilicheka, mtoto hasemi atatibiwa usemi gani? Kumbe sehemu nyingi huyo ndiye fundi wa kumeza, na aliposimama kando ya kitanda ndipo chupa zikaanza kwenda taratibu.

Karatasi za ruhusa, chanjo, miadi ya macho na masikio, hayo watawapangia. Jifunzeni kumwokoa mtoto aliyekoma kupumua kabla hamjatoka, nyote wawili. Baadhi ya watoto huruhusiwa wakiwa bado na mpira puani. Mkipewa wa hivyo, msikubali kuondoka mpaka kila mmoja wenu ameonyesha mbele ya nesi kwamba anajua kuhakikisha ncha iko tumboni kabla ya kila mlo, na mmeandikiwa namba ya kupiga usiku ukichomoka.