Jinsi ya Kuomba Idhini ya Kutoa Data za Kijiografia za Taasisi ya Serikali

Taasisi ya serikali inayotaka kuwapa wengine data zake za kijiografia, ziwe ni za mabomba ya maji, njia za umeme au mipaka ya viwanja, iombe idhini kwa maandishi kabla faili lolote halijatoka kwenye seva yake. Ombi liandikwe na idara inayotunza data hizo, kwa kuwa ndiyo inayojua zilivyokusanywa, kisha lipitie kwa ofisa wa usalama wa TEHAMA.

Anza na asili ya data. Ikiwa taasisi yako ilizipokea kutoka kwingine, fuata masharti ya aliyezitoa au mwelekeze mwombaji kwake.

Kisha jibu maswali matatu, ambayo msingi wake umo katika mwongozo uliotolewa mwaka 2005 na FGDC, kamati ya Marekani inayoratibu data za kijiografia. Je, data hizi zingemsaidia mtu mwenye nia mbaya kuchagua mahali pa kushambulia au kupanga shambulio? Je, ni hapa tu zinapopatikana kwa urahisi? Je, hatari ya kuzitoa inazidi manufaa ambayo wananchi wangeyapata? Swali la pili lisijibiwe kwa haraka. Bwawa linaloonekana wazi kwenye picha za setilaiti si siri, na kulificha kunawanyima waokoaji ramani wanayoihitaji. Lakini jedwali linaloonyesha koki ipi inafunga maji ya mtaa upi halionekani kutoka angani.

Majibu yote yakiwa ndiyo, pendekeza kinga. Ikiwa una mamlaka ya kuzibadilisha data, ondoa safu nyeti za jedwali la data au punguza usahihi wa mahali: latitudo yenye tarakimu nne baada ya nukta hubainisha mahali kwa takriban mita 11, ilhali yenye tarakimu mbili huishia kwenye takriban kilomita 1.1. Mabadiliko hayo yakizifanya data zisifae tena, omba zitolewe kwa watumiaji maalumu tu, kwa makubaliano ya maandishi.

Nasisitiza hapa jambo linalosahaulika sana, kwamba kuficha safu kwenye programu ya ramani si kuifuta. Shapefile, muundo wa faili unaotumika sana kuhifadhi data za ramani, huandamana na faili la .dbf lenye jedwali la taarifa zake, na ukilifungua hilo kwa programu ya kawaida ya majedwali, namba za simu za walinzi ulizodhani umeziondoa utazikuta bado zipo, mstari kwa mstari. Hamishia safu zilizoidhinishwa pekee kwenye faili jipya, kisha lifungue mwenyewe kwenye kompyuta nyingine ulisome. Picha za uwandani nazo zikaguliwe, maana simu huweza kuhifadhi latitudo na longitudo ndani ya picha.

Ambatisha metadata, yaani maelezo kuhusu data zenyewe, zinazofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 19115, chenye nafasi ya kuandikia vikwazo vya matumizi na vya usalama. Idhini ikitoka, tuma faili likiwa limesimbwa, nywila ipite njia nyingine, na uandike kwenye jalada la ombi alama ya uhakiki ya SHA-256 ya faili hilo (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili, na ambao hubadilika faili likibadilishwa), ili mpokeaji aweze kuthibitisha kwamba alichopokea ndicho kilichoidhinishwa.