52 − 27 si 35: kufundisha kutoa kwa vijiti, mchoro, kisha tarakimu

Mwandikie mtoto wa Darasa la Pili 52 − 27 na mara nyingi atakuletea 35. Hakubahatisha. Ameona 7 haitoki kwenye 2, basi akageuza: 7 toa 2 ni 5, halafu 5 toa 2 ni 3. Ukimpiga mkasi (alama ya kosa) na kumwambia "kopa kumi", atalikariri neno hilo leo na wiki ijayo litakuwa limepotea, kwa sababu hiyo kumi inayokopwa hajawahi kuiona wala kuishika.

Hapa Moshi ninaifundisha hesabu hii kwa mikono kwanza, mchoro katikati, tarakimu mwisho. Mpangilio huo aliueleza mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, katika miaka ya 1960, na kwangu haujachakaa.

Jambo moja kabla ya kuanza. Walimu tumezoea kusema huyu ni mtoto wa kuona, yule ni wa kushika. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo, na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hujifunza zaidi akifundishwa kwa "aina" yake. Kwa hiyo vijiti ni vya darasa zima. Hata yule anayemaliza wa kwanza mpe, maana huenda amekariri tu.

Hatua ya 1: Tafuta vijiti

Wakati wa kupogoa mibuni vijiti ni vya bure. Chagua vilivyonyooka, vikate urefu wa kalamu, chubua ncha zisichome. Kila kundi la watoto wanne lipate kama 100. Kamba ni ganda kavu la mgomba, lichanwe nyembamba. Vizibo vya soda vinafaa kuhesabia, lakini kwa somo hili sivipendi: havifungiki, na hapa kufunga ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya 2: Mtoto afunge mwenyewe

Usije darasani na matita uliyokwisha kufunga. Mtoto ahesabu kumi, afunge tita kama la kuni, aliweke kando, aanze jingine. Kisha muulize: "Tita hili lina vijiti vingapi?" Akilifungua ili ahesabu upya, bado hajaiamini kumi yake. Mwache afunge na kufungua mpaka ajibu bila kuligusa. Wengine huchukua kipindi kizima. Usiwaharakishe, maana hatua zote zinazofuata zimekaa juu ya hii.

Hatua ya 3: Tandika mkeka wa nafasi

Pasua salfeti la unga, chora mstari katikati kwa maka peni. Kushoto makumi, kulia mamoja. Taja 34, waweke matita matatu na vijiti vinne. Wakishazoea, fanya nao 48 − 23, ambayo haina kikwazo, ili wajue kutoa ni kuondoa vitu mkekani.

Hatua ya 4: Vunja tita

Sasa 52. Matita matano, vijiti viwili. Sema: "Naomba vijiti 27."

Kisha nyamaza. Hapa ndipo walimu wengi tunapoharibu, kwa sababu ukimya wa darasa unatutisha. Mtoto atakupa vile viwili, atatazama matita, atakutazama wewe. Usimwonyeshe kwa kidole wala kwa macho. Katika kundi la wanne, karibu kila mara kuna mmoja atakayeshika kamba na kuuliza, "Mwalimu, naweza kufungua hili?" Mjibu kwa swali: "Ukilifungua, vijiti vyote vitakuwa vingapi?" Akisema bado ni 52, ameelewa kiini cha somo. Akisema vimeongezeka, wahesabu vyote pamoja.

Tita likifunguliwa, yanabaki matita manne na vijiti kumi na viwili. Watoe saba, vibaki vitano. Watoe matita mawili, yabaki mawili. Ni 25. Wakirudishia 27 mkekani, 52 inarudi, na wao wenyewe wanaona kuwa 35 haiwezekani.

Watoto wanaotumwa Soko la Mbuyuni hulishika hili upesi, kwa sababu ni sawa na kuvunja noti: elfu moja ikigeuka sarafu kumi za mia, hela haijaongezeka wala kupungua.

Hatua ya 5: Chora

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo maana kuna watoto wanaoweza kwa vijiti lakini wanakwama daftarini. Tita ni mstari wa wima, kijiti ni nukta. Kwa 52, mistari mitano na nukta mbili. Kuvunja ni kukata mstari mmoja na kuchora nukta kumi upande wa mamoja. Vijiti viwe pembeni: atende kwanza, kisha achore alichotenda. Siku zinazofuata achore bila vijiti. Mtoto asiyesikia vizuri hapa hufuata bila shida, kwani maelezo yote yako mbele ya macho yake.

Hatua ya 6: Andika

Kila tendo lipate alama yake papo hapo. Amekata mstari: 5 ikatwe, juu yake iandikwe 4. Amechora nukta kumi: 2 iwe 12. Mchoro ukae kushoto, tarakimu kulia, kwenye ukurasa uleule.

Kabla ya kwenda kwenye 40 − 16, ambako sifuri huwasumbua, wape 61 − 34 bila vijiti wala mchoro. Atakayeandika 27, mwendeleze. Atakayeandika 33, mwambie achore kwanza. Mchoro ukimshinda, ndipo umrudishie vijiti na kamba.