Usimtengee mtoto sahani yake

Mwaka mzima nilikuwa namsugua binti yangu shingo kwa dodoki, nikidhani ni nongo. Ana miaka 14, mnene, na kisogoni ngozi ilikuwa nyeusi, nzito, kama mahameli. Muuguzi mmoja ndiye aliyenifumbua macho: weusi ule hautoki kwa sabuni, mara nyingi ni dalili kwamba insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, haifanyi kazi yake sawasawa. Basi mzazi mwenzangu, anzia hapo. Mtazame shingo na makwapa, kisha mpeleke apimwe sukari asubuhi kabla hajala. Chini ya 5.6 (kwa kipimo cha mmol/L) ni vizuri. Kuanzia hapo hadi 6.9 ni onyo, na ikifika 7 daktari atarudia kipimo. Wangu alikuwa na 5.9, na mama yangu mzazi sukari ilimkata mguu, kwa hiyo sikulala.

Nikakosea. Sisi tukala wali wa nazi na samaki, yeye nikamwekea mchicha na tango. Siku ya tatu nikamkuta uani kajificha na maandazi, anatafuna huku analia.

Tangu siku ile chungu ni kimoja. Nusu ya sahani mboga, robo wali, ugali au muhogo, robo samaki au maharage, na tui nalichuja jepesi. Sukari ya chai tulipunguza nusu kijiko kila wiki, wote, hata baba yao aliyenung'unika. Soda ni ya Idi tu. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Machungwa ya Muheza tunayamenya tukala na nyama zake. Ukikamua, glasi moja inameza matatu na makapi yenye faida unayatupa.

Kijana anahitaji saa nzima ya kutoka jasho kila siku. Hapa Tanga mwanamke juu ya baiskeli na baibui lake si ajabu, kwa hiyo jioni tunatoka naye Ngamiani mpaka Raskazone, tunapunga upepo, tunarudi. Simu zinalala sebuleni saa tatu usiku.

Mizani usiisogelee kila siku. Bado anarefuka, uzito ukisimama tu ameshapiga hatua. Na kaka zake niliwakataza kabisa kumwita bonge.

Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma 5.4. Weusi umeanza kufifia. Dodoki sasa ni la miguu.