Namna ya kuendesha kampuni ya mazoezi Lamu

Kijana wa hapa Amu akimaliza shule huambiwa kazi inataka uzoefu, na uzoefu hapati mpaka aajiriwe. Ulaya wana dawa yake: kampuni ya mazoezi, yaani ofisi ya kuigiza ambamo biashara ni ya uongo lakini kazi anayojifunza mtu ni ya kweli. Karibu na mji wa Lille, Ufaransa, kampuni iitwayo Candelia ilikuwa ikiuza fanicha za ofisi zisizokuwepo, kwa fedha zisizokuwepo. Wafanyakazi wake walikuwa watu halisi waliokosa ajira. Sisi nasi tunaweza, kwa chumba kimoja, simu na madaftari.

Tafuteni kwanza kundi la pili, tuseme Malindi. Ninyi mnauza viti vya kuchonga, wao wananunua. Bila wao mtakuwa mnacheza duka peke yenu.

Kila karatasi, tangu oda hadi risiti, ipigwe neno MAZOEZI kwa herufi kubwa. Msitumie namba ya M-Pesa ya mtu yeyote. Matapeli wa ajira wametuumiza vya kutosha, na karatasi zenu zisiwe silaha yao.

Kisha pandeni makosa, maana hapo ndipo kazi inapofundishika. Oda ni viti 12 vya shilingi 8,000. Ankara, pamoja na VAT ya asilimia 16, inasoma 111,360. Karatasini, mzigo umevuka kwa mashua hadi Mokowe, ukapanda lori, ukapitia Witu na Garsen. Malindi wanasaini kupokea viti 11. Hapo wagome kulipa! Karani wenu apige simu, aulize kwa adabu, amtafute aliyehesabu gatini, kisha aandike krediti noti, yaani karatasi ya kumpunguzia mteja deni, ya 9,280, kodi ikiwemo. Msimsaidie upesi. Mwacheni ahangaike mpaka hesabu za pande mbili zikubaliane.

Vyeo na tai havina haja. Nimefanya kazi ya ukarani maisha yangu yote, na nimeona ripoti za kila wiki zikifungwa kwenye faili bila kufunguliwa na mtu. Msiwafundishe vijana ugonjwa huo. Kila Ijumaa ulizeni: karatasi hii nani anaingoja? Asipokuwepo, ifuteni. Aliyemaliza yake asome vitabu vya hesabu au aende nyumbani, asikae akibofya kompyuta ili aonekane.

Miezi mitatu inatosha. Barua ya mwisho anayopewa kila kijana itaje wazi kwamba kampuni ilikuwa ya mazoezi, kisha iorodheshe aliyoyafanya: ankara, ulinganishaji wa hesabu, madai ya mteja. Mwajiri akitaka ushahidi, aonyeshwe daftari.