Bendera ya Kisovieti Husomwa: Namna ya Kuitambua na Kukadiria Umri Wake

Bendera ya kwanza niliyoinunua kwa fedha ya maana niliambiwa ni ya vitani, mwaka 1943. Mahameli nyekundu iliyokoza, matamvua ya rangi ya dhahabu, Lenin ametariziwa katikati. Niliipeleka kwa mzee mmoja jirani yetu aliyesoma Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, miaka ya sitini. Hakuigusa. Aliinama akaisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea juu ya maandishi bila kuyafikia, kisha akasema: "Mwanangu, hapa pameandikwa Baraza la Mawaziri. Mwaka 1943 wale hawakuwa na mawaziri, walikuwa na makamisaa wa umma."

Jina hilo lilibadilishwa Machi 1946. Bendera yenyewe ilikuwa halisi kabisa, ila si ya vita, na bei niliyolipa ilikuwa ya vita. Tangu siku hiyo naanza na maandishi, picha baadaye, na ndivyo ninavyomfundisha kila anayekuja kuniuliza.

Hatua ya 1: Jua umeshika nini

Bendera ya taifa ni kitambaa chekundu, urefu mara mbili ya upana, chenye nyundo na mundu vya dhahabu kwenye kona ya juu karibu na mlingoti, na juu yake nyota nyekundu yenye ukingo wa dhahabu. Za jamhuri utazitambua kwa urembo wake: mlia wa buluu wa Ukraine, mawimbi ya Estonia na Latvia, nakshi za Belarus kando ya mlingoti. Miundo hiyo ilianza kutoka mwaka 1949 hadi miaka ya mwanzo ya hamsini. Ukiona kitambaa cheupe chenye mlia wa buluu chini, nyota na nyundo na mundu, hiyo ni ya jeshi la majini, muundo wa 1935.

Bendera ya tuzo ni kitu kingine. Ni nzito, mara nyingi vipande viwili vya mahameli au satini vilivyoshonwa mgongo kwa mgongo, na ina mapambo pande zote mbili. Inayopatikana zaidi ni ile iliyoandikwa Переходящее Красное Знамя, yaani Bendera Nyekundu ya Kupokezana. Viwanda, mashamba ya pamoja na shule zilishindana kutimiza malengo, mshindi akakaa nayo kwa kipindi chake, kisha akaikabidhi kwa mshindi aliyefuata. Ndiyo maana napenda kuona mahameli iliyolala karibu na mlingoti, pale mikono ilipoishika hafla baada ya hafla.

Anayeanza namshauri aanze na vimpeli, vile vibendera vidogo vya pembetatu vya kutundika ukutani. Ni rahisi kwa bei, na ni nadra mtu kujisumbua kuvighushi.

Hatua ya 2: Soma vifupisho

Huhitaji kujua Kirusi. Hizi herufi chache zinatosha kwa kazi kubwa. ВКП(б) ni chama cha kikomunisti kabla ya Oktoba 1952. КПСС ni chama hichohicho baada ya hapo. СНК ni serikali kabla ya Machi 1946, na Совет Министров ni baada yake. ВЛКСМ ni umoja wa vijana, jina lililotumika tangu 1926.

Halafu tafuta jina la mji, maana huko ndiko kwenye utamu. Tver iliitwa Kalinin kuanzia 1931 hadi 1990. Nizhny Novgorod iliitwa Gorky kuanzia 1932 hadi 1990. Stalingrad ilifutwa kwenye ramani mwaka 1961 ikawa Volgograd. Lakini bora kuliko yote ni majina yaliyodumu muda mfupi: Naberezhnye Chelny iliitwa Brezhnev kuanzia 1982 hadi 1988 tu, na Izhevsk iliitwa Ustinov kuanzia 1984 hadi 1987. Bendera yenye jina la aina hiyo imejitajia umri yenyewe, hata kama hakuna tarehe popote.

Hatua ya 3: Hesabu tepe za nembo

Nembo ya taifa ina masuke ya ngano yaliyozungushiwa tepe nyekundu, moja kwa kila jamhuri. Tepe 11 ni muundo uliofuata katiba ya 1936. Tepe 16 ni wa 1946. Mwaka 1956 jamhuri ya Karelia na Finland ilipoondolewa, zikabaki 15: saba kila upande na moja chini katikati. Chukua kioo cha kukuzia na uhesabu mara mbili, maana kwenye mahameli iliyochakaa utepe mmoja hupotea ndani ya mwingine. Na kwenye nembo ndogo mafundi walizipunguza kurahisisha kazi, kwa hiyo hesabu isiyolingana na miundo hiyo isikutishe.

Hatua ya 4: Geuza, kagua mshono na uzi

Kwenye bendera ya taifa tazama upande wa nyuma. Kanuni za 1980 ziliondoa nyundo na mundu upande huo. Kichukulie hiki kama kidokezo, usitoe hukumu kwa hicho peke yake. Kagua pia ukingo wa mlingoti: nyingi zina muhuri wa wino wenye kiwanda, ukubwa, mwaka au bei.

Kwa bendera ya tuzo, zima taa na uwashe taa ya urujuanimno, ile ndogo ya kukagulia noti. Uzi unaong'aa weupe wa kibuluu umetiwa ving'arishi vya kemikali, vilivyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Ukiuona kwenye bendera inayodaiwa kuwa ya miaka ya ishirini, rudisha. Kisha chomoa uzi mmoja uliolegea ndani ya pindo, uuchome: poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu, hariri hunuka kama nywele zilizoungua.

Tarizi ya zamani iliongozwa kwa mkono kwenye cherehani, kwa hiyo mishono hubadili mwelekeo. Ikiwa sawasawa kila mahali kama imepigwa chapa, shuka bei au ondoka. Bendera za vikosi vya jeshi na za NKVD, polisi wa siri wa Kisovieti, ndizo zinazoghushiwa sana. Kikosi kilichopoteza bendera yake kiliweza kuvunjwa; fikiria basi ni halisi ngapi zinazoweza kuzagaa sokoni kwa bei ya kutupa.

Hatua ya 5: Hifadhi

Usiifue. Ile nyekundu huchuja, na ikishaingia kwenye matamvua haitoki. Usiikunje pia; ivingirishe kwenye bomba pana lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, upande wa tarizi ukiwa nje. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, ukungu, kwa hiyo mimi huzifungua zote kila mwezi kwenye chumba kikavu kisicho na jua.

Kabla ya kuagiza au kusafiri nayo, uliza sheria. Lithuania ilipiga marufuku kuonyesha alama hizi hadharani mwaka 2008, Ukraine mwaka 2015, na kwa watu wengi wa huko kitambaa hiki kinakumbusha wafungwa na maiti wa familia zao. Ninapopiga picha ya mkusanyiko wangu, hilo nalikumbuka.

Mwisho andika kadi: vipimo, kitambaa, maandishi yote kama yalivyo, idadi ya tepe, ulipoipata. Kadi ya ile bendera yangu ya kwanza bado ina mstari uliokatwa, "1943", na pembeni yake, kwa mwandiko wa mzee: "Baada ya Machi 1946."