Kumtunza Chura wa Kufugwa: Maji Kwanza, Kisha Chakula

Chura hanywi kwa mdomo. Maji huyanyonya kwa ngozi, hasa ya tumboni na ya mapajani, na sehemu ya hewa anayovuta hupita humo humo. Kwa hiyo klorini, sabuni au mafuta ya kujipaka yakimgusa tu, yameshaanza kuingia mwilini. Vyura wengi wanaougua kwa wafugaji wapya huponzwa na maji au na chakula cha aina moja, na yote mawili yanazuilika.

Hatua ya 1: Mjue chura wako

Xenopus laevis, chura wa Afrika mwenye kucha, huishi majini maisha yake yote. Chura wa mitini anataka tangi la kwenda juu lenye matawi. Ceratophrys, yule mnene mwenye mdomo mpana, hujifukia na kutulia, hivyo anahitaji udongo wa kutosha kuliko urefu. Usiweke aina mbili pamoja: mkubwa humla mdogo, na sumu ya ngozi ya mmoja yaweza kumdhuru mwenzake. Chagua aliyezaliwa kwa mfugaji, usimtoe porini.

Hatua ya 2: Tayarisha maji

Maji ya bomba yakiachwa wazi kwa saa 24, klorini hupungua sana. Kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, haitoki kwa njia hiyo, na mifumo mingi ya maji huitumia. Mimi naona ni salama zaidi kutumia dawa ya kusafisha maji ya samaki. Soma kibandiko uhakikishe inaondoa vyote viwili. Maji yaliyoondolewa madini yote usimwekee ya kukalia, maana huvuruga chumvi za mwili wake.

Kwa chura wa nchi kavu, bakuli liwe pana na la kina kifupi, maji yasimfike kidevuni akikaa. Yabadilishe kila siku hata kama yanaonekana safi. Hukojoa na kunya humo humo, kisha uchafu ule ule humrudia kupitia ngozi.

Hatua ya 3: Sakafu, unyevu na joto

Tandaza nyuzi za makumbi ya nazi zisizo na mbolea. Changarawe ndogo epuka kabisa: huimeza pamoja na mdudu, ikaziba utumbo. Nyunyiza maji asubuhi na jioni, ila hewa ipite, kwani tangi lililofungwa huota ukungu. Aina nyingi za nchi za joto hustawi kati ya nyuzi 22 na 27 za Selsiasi. Weka kipimajoto, mkono wako haukupi jibu la kweli.

Hatua ya 4: Mlishe

Vyura wengi wa nchi kavu hawatambui chakula kisichotikisika, hivyo wadudu wawe hai. Nyenje ndio msingi mzuri, ukibadilisha na mende wa kufugwa na nyungunyungu. Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya chura.

Hapa ndipo wengi hukosea: nyenje mwenye njaa ni ganda tupu. Mlishe karoti na mboga za majani siku moja kabla, ndipo chura apate kilichomo tumboni mwake. Halafu wadudu wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Watie ndani ya mfuko wenye unga wa kalsiamu na vitamini D3, tikisa, kisha uwatoe. Bila hiyo mifupa hulainika, taya hulegea, miguu hupinda, na uharibifu huo haurudi wote nyuma.

Chura mchanga ale kila siku. Mkomavu ale kila baada ya siku mbili au tatu, na Ceratophrys mkubwa asubiri zaidi, kwani hunenepa upesi. Mabuu manene yenye mafuta yawe kionjo tu. Wadudu wa bustanini huenda wamepuliziwa dawa, waache. Nyenje waliobaki watoe, usiku humng'ata chura.

Usishtuke akifumba macho anapomeza: macho hushuka ndani kusaidia kusukuma chakula. Kula ngozi yake anapojivua nako ni kawaida.

Hatua ya 5: Mwangalie kuliko kumshika

Ikibidi kumshika, lowesha mikono kwa maji yake, isiwe na sabuni. Ukimaliza nawa vizuri, kwa sababu vyura huweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu.

Mtazame kila anapolishwa. Wekundu chini ya mapaja, tumbo kuvimba, ngozi kubanduka mfululizo, au kushindwa kujigeuza akilala chali ni dalili za hatari. Ukungu uitwao Batrachochytrium dendrobatidis, ulioelezwa kisayansi mwaka 1999, umeua vyura wengi duniani, hivyo kamwe usimwachilie chura wa kufugwa wala usimwage maji ya tangi mtoni.

Ukiona dalili hizo, tafuta daktari wa wanyama anayejua amfibia siku hiyo hiyo. Mbebe kwenye chombo safi chenye matundu na karatasi laini iliyoloweshwa kwa maji yake, na uchukue kinyesi kibichi kipimwe minyoo.